Siku Honi ya Mlali Ilipokaa Kimya

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa hata waya mmoja. Nilifika karakana ya kompyuta ya ofisi yetu ya vipimo vya mvua, pale Morogoro mjini, nimevaa gauni jipya la kitenge, bisibisi zangu ziko kwenye mfuko wa rambo, najiona fundi kamili. Mhandisi Mkuu wa ofisi, mzee mrefu mkavu mwenye sauti ya kukwaruza, alinitazama juu mpaka chini.

"Shikamoo, Mzee," nikasema.

"Marahaba. Unaitwa nani?"

"Mwajuma, Mzee. Nyumbani Matombo."

"Haya, Mwajuma wa Matombo. Weka huo mfuko chini. Mikono nyuma."

Nikadhani ananitania. Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka.

"Mikono nyuma, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. Leo hugusi kitu. Leo unatazama kompyuta inavyoamka."

Akaiwasha. Nikatazama. Akaizima, akaniuliza nimeona nini. Nikamjibu, "Imewaka, Mzee."

"Imewaka! Hata kibatari kinawaka. Nakuuliza, kimeanza nini, kikafuata nini?"

Basi tukashinda hivyo, anawasha anazima, mimi nimesimama mikono nyuma, mgongo unaniuma, na moyoni namlaani. Mchana kwenye chai nikajiambia, huyu mzee hana akili nzuri. Lakini kufika alasiri nilikuwa nimeanza kuona.

Nyie wanangu, mnaobonyeza kitufe kisha mnageukia simu zenu, hebu nisikilizeni. Kompyuta ikipata umeme haijui chochote. Haijui kama ina kioo, haijui kama ina diski, haijui hata jina lake. Kinachoamka kwanza ni programu ndogo iliyokaa kwenye mazabodi, yaani ule ubao mkubwa wa ndani unaobeba kila kitu. Programu hiyo sisi mafundi tunaiita bayosi. Inahesabu memori, halafu inapita kwenye sloti moja baada ya nyingine, yale matundu marefu ya kuchomekea kadi, inauliza nani yupo. Kadi iliyopo inaitika kwa kutoa programu yake yenyewe, fupi tu, ya kujitambulisha: mimi ni kadi ya picha, nitumie hivi, mimi ni kadi ya diski, diski zako ziko kwangu. Hodi, karibu, mimi fulani. Hapo ndipo mashine inaanza kujifahamu, na yote hayo yanatokea kabla hujavuta kiti ukakaa.

Nilirudi nyumbani Mafiga nimeduwaa. Mume wangu akaniuliza kazi ilikuwaje, nikamwambia nimeona kitu kinazaliwa, kinakufa, kinazaliwa tena, mchana kutwa. Akacheka mpaka akapaliwa. Akasema, "Siku moja tu, wameshakuharibu!"

Nilikaa karakana miaka kadhaa, kisha nikahamishiwa milimani kufunga vipima mvua. Huko nilikuwa chini ya Afisa wa Vituo, mtu wa maneno machache kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi. Alinipandisha mpaka juu upande wa Mgeta, akanionyesha chombo kama ndoo ya chuma juu ya mlingoti. Akasema, "Majani yakiziba humu, watu wa bondeni watadanganyika." Hayo ndiyo mafunzo yote niliyopewa. Akashuka zake kwenda kutafuta mahindi ya kuchoma.

Mimi nimezaliwa Matombo, nimekua naokota mdalasini wa baba yangu na kubeba ndizi kichwani, nikidhani naijua milima ya Uluguru. Nilikuwa siijui. Kuna siku nilikuwa juu pale, mvua inamwagika sioni hata vidole vyangu, nikampigia simu dada yangu Tatu aliyeolewa Mlali, chini kabisa ya mlima. Akaniambia huko jua linachoma utosi, ameanika mpunga. Mtume! Mlima uleule, saa ileile. Maji niliyokuwa nayaona yakianza kuteremka kwenye makorongo yalikuwa yanaenda kwake, naye alikuwa hana habari. Nilishikwa na woga ambao sijui niuite nini, si woga wa kukimbia, ni ule wa kunyamaza.

Kwa ajili ya watu kama dada Tatu, ofisi iliweka honi. Ilifungwa juu ya mnara karibu na bustani za kando ya mto, ambako watu wa Mlali hulima nyanya, kabichi na karoti. Vipima mvua vya mlimani vilileta vipimo mjini kwa redio, seva yetu, yaani ile kompyuta kubwa isiyozimwa, ikavijumlisha, na ikiona maji ni mengi inapiga honi yenyewe. Mwanzoni watu waliidharau. Baada ya kuona mara mbili tatu honi inalia na mto unakuja kweli, wakaiamini, wakaiamini kupita kiasi. Walikuwa wameacha kutazama mlima. Honi ikiwa kimya, wao wameinama wanachuma. Kwao ukimya ulikuwa na maana ya usalama, na hilo ndilo lililokuwa linaninyima raha niliporudishwa mjini kulinda chumba cha seva.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa masika. Wageni kutoka Dar walituletea zawadi, kadi mpya ya mtandao yenye milango minne, ili tuweze kupokea vipimo kutoka sehemu nyingi kwa pamoja. Mkurugenzi wetu, mama mkarimu mwenye kupenda mambo yaende kwa heshima, alitaka kadi ifungwe mbele ya wageni, picha zipigwe, soda zinywewe.

Mhandisi akamwambia, "Mama, masika haya tusizime seva. Tusubiri."

"Mzee wangu, watu wametoka mbali. Ni muda mfupi tu, mnazima, mnachomeka, mnawasha."

Akakubali shingo upande. Tukazima, tukafungua. Sloti ya juu kabisa ilikuwa na kadi ya diski, mkongwe wa siku zote, ile iliyoshika diski zetu zote na kila kilichomo. Mkurugenzi akainama, akachungulia. "Hii ya wageni mtaiweka wapi?"

"Chini kule kuna nafasi, Mama," nikasema.

"Chini? Mgeni umkalishe nyuma ya mlango, Mwajuma? Iwekwe juu hapa ionekane. Ya kwetu si ndiyo mwenyeji? Ishuke."

Wote tukacheka, tukaona amesema kweli. Hata Mhandisi alitikisa kichwa kukubali. Nani kati yetu angemweka mgeni chini na yeye akae juu? Nimelelewa hivyo, mama yangu alikuwa akimtandikia mgeni kitanda chake na yeye kulala kwenye mkeka. Nikaichomoa kadi ya diski kwa mikono yangu, nikaishusha sloti ya mwisho, nikampa mgeni nafasi ya juu. Tukawasha. Watu wakapiga makofi.

Nembo ya watengenezaji ikatokea kwenye kioo, nzuri, ya buluu. Ikakaa. Kisha kioo kikawa cheusi, na mstari mmoja wa Kiingereza ukituambia hakuna diski ya kuwakia.

Makofi yakafifia. Tukazima, tukawasha tena. Nembo, kiza, hakuna diski.

Wakati huohuo simu yangu ikaita. Alikuwa Felista, mama wa Mgeta aliyekuwa akitutunzia kipima mvua, mkulima wa karoti, mwimbaji wa kwaya, mtu asiyepiga simu ovyo. Nyuma yake nilisikia kishindo kama lori linamwaga kokoto.

"Mwajuma, huku ni balaa! Tangu asubuhi mvua haijanyamaza. Korongo limeshajaa. Honi imeshalia huko chini?"

Nikatazama seva. Nikatazama dirishani, mlima haupo, umemezwa na wingu jeusi mpaka kiunoni, na hapo mjini jua linawaka.

"Bado," nikamwambia.

"Bado? Mungu wangu."

Nilimpigia dada Tatu. Simu inaita, inaita, inaita. Nilijua iko wapi, imefungwa kwenye khanga, iko juu ya kabati, kwa sababu dada Tatu anasema simu na maji ya mto havipatani. Nikampigia mwenyekiti wao wa kitongoji, hapatikani. Mhandisi alikuwa ameshamtoa dereva na ufunguo wa kisanduku cha honi, akaipige kwa mkono, lakini Mlali si mlango wa jirani, na barabara wakati wa masika mnaijua. Ilikuwa siku ya kuchuma, wachuuzi huja kubeba nyanya mchana. Bonde zima lilikuwa limejaa watu walioinama, wanasubiri honi ambayo haiwezi kulia.

"Diski zimekufa?" Mkurugenzi aliuliza.

Mmoja wa wageni, mtaalamu kijana mwenye miwani, akasema tunaweza kupanga diski upya na kupakia kila kitu tangu mwanzo. Nikaona mkono wangu mwenyewe unaenda kwenye kibodi. Nilikuwa tayari kufanya lolote, wanangu, lolote lile, na kupanga diski upya maana yake ni kufuta kila kitu kilichomo, pamoja na programu ya honi.

"Mikono nyuma!"

Ilikuwa sauti ya kukwaruza, ileile ya siku ya kwanza. Nikarudisha mikono nyuma. Mgeni wa miwani naye akarudisha. Haki ya Mungu, hata Mkurugenzi, na pochi yake, akaweka mikono nyuma. Tulisimama mbele ya seva kama watoto wa darasa la kwanza, na hakuna aliyecheka.

"Diski hazijafa," Mhandisi akasema. "Sikilizeni, zinazunguka. Taa zake zinawaka. Diski zipo, mashine ndiyo haijaambiwa kama zipo. Mwajuma, siku ya kwanza nilikuuliza nini?"

"Kimeanza nini, kikafuata nini."

"Sasa hivi umeona?"

"Sijaona, Mzee. Nembo imeziba."

"Ehee!"

Yule kijana wa miwani akaruka. "Tuiondoe nembo! Iko kwenye mipangilio ya bayosi." Akaingia, akaizima nembo upesi, mikono yake myepesi kweli, nikampenda papo hapo. Tukawasha tena, na safari hii mashine ikaamka mbele yetu bila pazia.

Memori ikahesabiwa, gigabaiti thelathini na mbili, zote zipo. Kadi ya picha ikajitambulisha. Kisha sloti ya juu, kadi ya mgeni: mlango wa kwanza ukajitambulisha kwa maneno marefu, wa pili vilevile, wa tatu, wa nne. Halafu ukapita mstari mmoja ambao ile nembo nzuri ya buluu ilikuwa ikitufichia: nafasi ya programu za kadi imekwisha. Baada ya hapo hakuna kingine. Kadi ya diski haikuitwa kabisa.

"Imekwishaje?" Mkurugenzi akauliza. "Si mmesema ina memori nyingi?"

Mhandisi akajibu taratibu, huku macho yake yako dirishani. Watu wa zamani waliounda kompyuta za mezani za kwanza waliipa mashine nzima memori ya megabaiti moja. Sehemu kubwa wakaiacha kwa kazi za watu, ya juu wakaitenga kwa mashine yenyewe, na ndani ya hiyo wakaacha kachumba kamoja ambamo programu za kadi hukaa wakati wa kuwaka. Mashine zikakua, memori ikaongezeka mara maelfu kwa maelfu, lakini kachumba kale hakakuguswa, maana kila mtengenezaji alihofia kuvunja mashine za wenzake. Kwenye seva yetu kalikuwa na kilobaiti mia moja ishirini na nane, yaani moja ya nane tu ya megabaiti. Anayeitwa kwanza anakaa kwanza. Kadi ya picha imekaa, mgeni ameingia na mizigo ya milango yake minne, na mwenyeji aliyeshika funguo za nyumba, tuliyempeleka mwisho, amefika mlangoni amekuta kumejaa.

Lahaula! Mashine yenye uwezo wote ule, inayosikia mvua kutoka milimani, inayokaa macho kutwa kucha, na bado kila ikiamka inapita kwenye kile kichumba cha watu waliokuwa na megabaiti moja tu duniani. Na maisha ya dada yangu yalikuwa yanategemea nani ameingia humo kwanza. Mpaka leo nikilifikiria nywele zinanisimama.

"Tubadilishe sloti?" nikauliza.

"Kuna njia ya haraka. Programu ya kuamkia ya kadi ya mgeni ni ya nini?"

Kijana wa miwani akajibu, "Ni ya kuwashia mashine kupitia mtandao, Mzee. Nyie hamuihitaji. Ukiizuia, kadi yenyewe itafanya kazi kama kawaida mashine ikishawaka."

Mkurugenzi akamtazama mgeni wake, aibu imemjaa usoni. "Lakini zawadi yenu, tuinyamazishe mbele yenu?"

"Mama, inyamazisheni! Watu wako mtoni!"

Mhandisi akasogea pembeni, akanielekezea kibodi. "Bonyeza wewe. Dada yako ndiye yuko huko."

Niliingia kwenye mipangilio, nikatafuta sloti ya juu, nikakuta neno la kuruhusu programu yake, nikaligeuza kuwa la kuzuia. Kitufe kimoja. Nikahifadhi, mashine ikazima na kuamka yenyewe. Memori. Kadi ya picha. Sloti ya juu, kimya. Kisha, kutoka sloti ya mwisho kabisa, kadi yetu kongwe ikajitambulisha, ikataja diski moja moja, na hakuna hata moja iliyokosekana. Nikaanza kulia hapohapo, mikono bado iko kwenye kibodi.

Mashine kubwa haina haraka. Tuliisubiri iamke yote, ipokee redio, ikusanye vipimo vya Mgeta, ijumlishe. Mhandisi alikuwa akinong'ona, sijui anaisomea dua au anaitukana. Kisha taa nyekundu ya honi ikawaka kwenye kioo, ikabaki imewaka. Sisi mjini hatusikii kitu. Huwezi kusikia honi ya Mlali ukiwa mjini. Tuliitazama ile taa tu, wote, na wageni wetu, soda zimewachachia mikononi.

Dereva alipiga simu kutoka njiani, gari limekwama kwenye tope. Akasema anaisikia honi kwa mbali. Bado sikuwa najua kama watu wametoka mtoni.

Alasiri ndipo dada Tatu aliponipigia.

"Mwaju, honi yenu leo ina nini? Nimeisikia maji yameshanilowesha vifundo vya miguu. Nikasema ah, hivi vimaji vya kawaida, mbona honi iko kimya? Ikalia hapohapo. Watu tumekimbia, wee! Tumetupa matenga, tumebebana. Nimefika juu ya ukingo nageuka, bustani hakuna. Hakuna, Mwaju! Kama hakujawahi kuwa na mtu anaitwa Tatu analima pale."

"Na watu?"

"Watu wote wapo. Tumehesabiana. Mbona unalia sasa? Nyanya ndizo zimekwenda, si mimi."

Siku iliyofuata Mhandisi aliniita, tukairudisha kadi ya diski sloti ya juu na mgeni tukamshusha. Mkurugenzi alikuja kusimama mlangoni. Mhandisi akamwambia, "Mama, nyumbani kwangu mgeni nitamkalisha mbele mpaka nife. Humu ndani, mwenye funguo anatangulia." Akajibu, "Nimeelewa, Mzee wangu," na tangu hapo hakuna seva iliyofunguliwa masika katika ofisi ile, hata aje nani.

Mhandisi ameshatangulia mbele ya haki. Vijana waliopo sasa wana mashine za kisasa zinazoamka kwa mtindo mwingine, zina nafasi kubwa zaidi ya kuwapokelea wageni wao. Nawaombea heri. Ila nikiwatembelea na kukuta wameiacha ile nembo nzuri ifunike kioo wakati mashine inaamka, ulimi unaniwasha, na siwezi kujizuia, nasema.

Nilipostaafu nilihamia Mlali. Dada Tatu alinikatia kipande kando ya bustani yake, ileile iliyochukuliwa na maji, maana mto ulirudisha udongo mzuri kuliko wa kwanza. Masika yaliyopita tulikuwa tunachuma, anga jeupe, hakuna wingu hata la dawa, honi ikalia. Mara ya kwanza naisikia kwa masikio yangu nikiwa chini bondeni. Nikabaki nimeinua uso natazama mbingu ile safi, nikiwaza Mgeta, nikiwaza redio, nikiwaza kachumba kale.

"Mwaju, toka!" Dada Tatu alikuwa ameshafika juu ya ukingo. "Wewe uliyeitengeneza ndiye huiamini?"

Nikatoka. Nikapanda, nikasimama karibu yake, tunahema. Punde tukayasikia maji kabla ya kuyaona. Nikaweka mikono nyuma, nikatazama yanavyokuja.